Moto wa Dandora Usikikavyo Nakuru

Albamu ya Dandora Burning, iliyotolewa na kundi la Ukoo Flani Mau Mau mwaka 2006, aghalabu huhakikiwa kama sauti ya mtaa mmoja wa Nairobi. Usomaji huo una msingi. Tofauti na Kilio cha Haki ya mwaka 2004, iliyorekodiwa kwa ufadhili kutoka Uholanzi, albamu hii ya baadaye ilirekodiwa Dandora kwenyewe. Kwa hiyo, moto uliomo katika anwani yake hufasiriwa kwa wepesi kuwa sitiari ya umaskini wa mtaa, au taswira ya moshi wa jaa lake la taka.

Hata hivyo, upokezi wa kazi ya sanaa hauamuliwi na mahali ilipozaliwa pekee. Msikilizaji aliye Nakuru hukutana kwanza na jina la kundi. Dandora, Mau Mau ni jina la kuazima: vijana wa jamii mbalimbali, wa bara na wa pwani, walilitwaa ili kudai haki ambayo Uhuru haukuwaletea. Katika Bonde la Ufa ya kati, jina hilo lina mizizi ardhini. Huko Olenguruone, katika miaka ya 1940, maskwota Wakikuyu, wake kwa waume na hata watoto, walikula kiapo cha umoja kupinga masharti ya serikali ya kikoloni. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa. Penye madai ya ardhi yanayokinzana, jina linalowaunganisha vijana wa Dandora laweza kusikika kama jina la upande mmoja.

Tofauti hiyo ilipata uzito Januari 2008, nyumba zilipochomwa Nakuru katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na waliofurushwa wakapiga hema katika uwanja wa maonyesho. Albamu haikutabiri hayo. Mhakiki anayedai hivyo huipa sifa isiyo yake. Lakini kwa aliyeona paa la jirani likiteketea, moto hauwezi tena kubaki sitiari tu.

Je, kundi lilikosea kujiita hivyo? La hasha. Kosa ni la uhakiki unaodhani kwamba hadhira ya rapu ya Sheng ni moja. Dandora hudai deni la Uhuru. Nakuru swali jingine hutangulia: mdai ni nani? Asiyelisikia swali hilo ameisikia nusu ya albamu.