Kilichofunikwa Hakijaondoka

Ubuntu, mfumo wa familia ya Linux, hutoa toleo linalotunzwa kwa muda mrefu kila baada ya miaka 2, na wapo wasiopenda kulipandisha juu ya lile la zamani: wanafuta, wanaanza upya. Ndiyo maana wengi wetu hupenda /home, zinapokaa picha, nyaraka na mipangilio yetu, iwe na patisheni yake. Mfumo ukifutwa, vya mwenyewe vinabaki.

Kazi yenyewe si ngumu. Unaandaa patisheni mpya, unanakili kila kitu kwa rsync -a au cp -a ili umiliki na ruhusa za faili visipotee, kisha unaandika mstari mmoja ndani ya /etc/fstab. Humo tumia UUID, kitambulisho cha patisheni yenyewe, maana jina kama sdb1 laweza kubadilika ukichomeka diski nyingine.

Linalonifikirisha huja baadaye. Patisheni mpya ikishakaa juu ya /home, faili za zamani hazionekani tena, lakini zipo palepale chini yake na zinakula nafasi ileile. Amri ya df inasema diski ya mfumo imejaa. Nayo du inapita folda zote na haiuoni mzigo. Mtu anaweza kukesha akitafuta kisichoonekana.

Nimewaona watu wanaohama hivyo. Mji mpya, kazi mpya, na wanaapa kwamba ya nyuma yamekwisha. Kumbe deni la shemeji halijalipwa na ugomvi wa shamba la marehemu baba haujakaliwa kikao. Mshahara umeongezeka ila hautoshi, usingizi nao hauji, na mwenyewe hajui kwa nini.

Kwenye Linux, njia ya kawaida ya kuyafikia ya chini ni kuiondoa kwanza patisheni ya juu kwa umount. Nayo hukataa, ikidai inatumika, maadamu wewe mwenyewe umo ndani. Inabidi utoke, uingie kama root, ndipo uone kilichobaki. Hapo ndipo wengi tunaposhindwa: hatutaki kutoka kwenye upya wetu hata kwa saa moja.

Ila usifute kwa pupa. Washa kompyuta upya, fungua picha na nyaraka, ridhika kwamba zimefika salama, ndipo ufute. Na bakapu weka kwenye diski nyingine kabisa. Patisheni mbili za diski moja hufa siku moja.