Juu ya Kusikiliza

Watu wengi husifu ufasaha wa ulimi, lakini ni wachache mno wanaosifu ufasaha wa sikio. Mimi ni mwalimu wa lugha, na kwa miaka mingi nimepata riziki yangu kwa kusema. Kwa hiyo, msomaji, usistaajabu nikikuambia kuwa katika jambo hili la kusikiliza mimi ni mwanafunzi wa nyuma darasani, na kwamba somo la kwanza nililipata kwa aibu.

Katika majira ya baridi ya mwaka 2008 nilikuwa London nikiandika tasnifu yangu ya udaktari. Nilikaa katika nyumba ya wanafunzi, na jirani yangu alikuwa kijana wa pwani yetu, mdogo wangu kwa miaka mitano au sita. Aliniita kaka, nami nilimwita ndugu yangu. Tulipika wali kwa zamu, tukazungumza habari za nyumbani kwa Kiswahili, na baridi ikapungua ukali. Usiku mmoja baada ya chakula alikuja chumbani kwangu, nikampa kikombe cha chai. Alikishika kwa mikono miwili bila ya kunywa. Kisha akaniambia kwamba tangu ujana wake moyo wake haukupata kuelekea kwa wanawake. Kwamba ampendaye ni mwanamume. Na kwamba jambo hilo hakupata kumwambia mtu yeyote kwa lugha yoyote.

Nilimjibu. Hilo ndilo kosa langu lote. Nilimjibu upesi, na nilimjibu sana. Nilimpa methali tatu, kisa cha mjomba wangu aliyechelewa kuoa, na ushauri wa kufunga na kuomba. Nilimwambia kuwa upweke wa Ulaya huzaa fikira nyingi ambazo hufa mtu arudipo kwao. Nadhani nilimtaja hata mama yake. Nilisema kama nusu saa, na sauti yangu ilinipendeza. Nilipokwisha alisema, "Ahsante, kaka," akaimwaga chai ambayo hakuionja, akasuuza kikombe, akaenda zake. Mwisho wa mwezi alihama.

Barua yake ilinifikia mwaka 2011, nilipokuwa nimekwisha rudi nyumbani kufundisha. Haikuwa barua ya lawama. Aliniarifu kuwa amepata kazi na kuwa ni mzima. Na katikati, kama mtu atajaye habari za mvua, alinieleza kwamba usiku ule alipotoka kwangu alikwenda kwa miguu mpaka mto Thames, akasimama darajani, akapiga nambari ya simu aliyokuwa ameikariri kwa miezi bila ya kuthubutu kuitumia. Aliyepokea hakumjua. Walikaa katika simu karibu saa nzima. Mtu yule alisema machache, na katika hayo machache yalikuwamo maneno mawili: "Nami pia."

Tangu siku ile nilitamani kujua ni nani aliyekuwa upande wa pili wa simu. Sikutaka jina lake, maana kazi ya watu hao ni ya siri. Nilitaka kujua ni mtu wa namna gani, na nani aliyemweka pale usiku huo kungoja mtu ambaye mimi, niliyekuwa na chai na lugha moja naye, nilishindwa kumpokea.

Katika England na Wales, mpaka mwaka 1967, wanaume wawili waliopendana waliweza kufungwa jela hata kwa mambo ya chumbani mwao. Sheria ya mwaka huo ilifungua mlango nusu: wanaume wenye umri wa miaka 21 na zaidi, faraghani. Uskoti ilingoja mpaka 1980, na Ireland ya Kaskazini mpaka 1982. Lakini sheria ikiondolewa leo, hofu haiondoki kesho. Mtu aliyeishi miaka 40 akijificha hajui aulize wapi palipo na wenzake, wala chumba cha kupanga kwa mwenye nyumba asiyemfukuza, wala wakili. Gazeti lililoitwa Gay News, lililoanza mwaka 1972, lilipigiwa simu nyingi za maswali kama hayo kuliko uwezo wake wa kuyajibu. Ndipo tarehe 4 Machi 1974 watu kadhaa wa kujitolea walipofungua kazi ya kupokea simu, wakaiita London Gay Switchboard. Walikaa juu ya duka la vitabu la Housmans, nambari 5 Caledonian Road, duka la watu wa amani wanaopinga vita. Mahali pale ni hatua chache kutoka stesheni ya King's Cross, ambapo treni za kaskazini huteremsha, pamoja na abiria wengine, vijana waliofukuzwa kwao.

Kazi hiyo ipo hata leo, na sasa inaitwa Switchboard. Wapokeaji simu hawalipwi. Hufunzwa kwanza, kisha hukaa zamu. Sharti lake moja ndilo lililonishughulisha kuliko yote: anayepokea lazima awe yeye mwenyewe mmoja wao, yaani mwanamume apendaye wanaume, au mwanamke apendaye wanawake, au apendaye wote wawili, au mtu ambaye jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa siyo anayojijua kuwa nayo. Hekima hiyo si ngeni kwetu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Walakini nina shaka kidogo na methali hiyo ya pili, ingawa naifundisha kila mwaka. Aliyekilalia kitanda anawajua kunguni, ni kweli. Lakini aghalabu ana hamu kubwa ya kukueleza kunguni wake yeye. Nimepata kwenda msibani kumpa pole mtu, akaja mfiwa mwingine akasimulia msiba wake mpaka mwenyewe tuliyemwendea akawa ndiye mfariji. Kupatwa na jambo moja hakutoshi. Wale wa Caledonian Road walilijua hilo, na ndiyo maana mafunzo yao, kama nilivyoyafahamu, ni zaidi ya kujizuia kuliko ya kusema: usimwambie mtu yeye ni nani, usimwamulie la kufanya, usimharakishe. Wapo wapigao simu wasiseme neno, ikasikika pumzi tu, kisha wakakata. Mpokeaji hungoja. Ukiwa mwalimu jaribu kungoja hivyo mbele ya mwanafunzi kwa dakika mbili tu, utaona zilivyo ndefu. "Nami pia" ni maneno mawili, na nguvu yake yote ilitoka katika kukoma kwake hapo.

Kabla yao alikuwapo kasisi wa London aliyeitwa Chad Varah, ambaye mwaka 1953 alianza kupokea simu za watu waliokusudia kujiua, kazi iliyokuja kujulikana kwa jina la Samaritans. Watu wa kujitolea walikuja kumsaidia kwa kazi ndogo, kama kuwapikia chai wale waliongoja zamu ya kumwona. Kasisi akagundua kuwa wengi walipokwisha kunywa chai na kuzungumza na mpika chai hawakuwa na haja tena ya kuingia kwake. Februari 1954 akawakabidhi kazi wapika chai. Nilipoisoma habari hiyo nilifunika kitabu kwa muda. Mimi nilikuwa na chai tayari, na nikataka kuwa kasisi.

Ilikuja miaka migumu. Tarehe 4 Julai 1982 Terry Higgins alikufa London kwa ugonjwa ambao siku zile haukuwa na jina lililozoeleka. Rafiki zake wakaunda taasisi iitwayo kwa jina lake. Serikali ya Uingereza ilipeleka karatasi ya maonyo juu ya UKIMWI katika kila nyumba mwaka 1987. Katika miaka hiyo mitano iliyo katikati, watu waliogopa na walitaka kuuliza, na walipiga simu kule walikozoea kupiga. Fikiri basi hali ya mpokeaji: anaulizwa na mgeni dalili za ugonjwa ambao huenda anazo mwenyewe, au anazo mtu aliyemwacha hospitali jioni ile. Hapo "nami pia" ilikuwa kweli iliyompasa kuimeza. Na tarehe 30 Aprili 1999, mtu mmoja alipotega bomu la misumari katika baa ya Admiral Duncan, Soho, likaua watu watatu na kujeruhi makumi, ilikuwapo kazi nyingine ya usiku.

Walikuwa na desturi ya kuandika katika madaftari yaliyotokea kila zamu, na madaftari hayo yamehifadhiwa katika Bishopsgate Institute, London. Mwaka 2019 vilianza kutolewa vipindi vya kusikiliza vilivyotengenezwa kutokana nayo. Nilivisikiliza nikiwa ofisini, mlango umefungwa. Nakiri kuwa nilisikiliza kwa tamaa ya kipumbavu ya kumkuta ndugu yangu humo, ingawa nilijua vipindi vile vinahusu miaka ya kabla yake na kwamba hata angekuwamo nisingemtambua.

Limebaki jambo linaloniuma kama mtu wa Kiswahili. Kijana yule alisema mara mbili usiku mmoja: kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, na mara ya pili ndiyo aliyosikilizwa. Sipendi kujifariji kuwa Kiingereza kina maneno bora. Lugha hiyo ina matusi ya kutosha katika jambo hili, na imeyatumia kwa karne nyingi. Lakini nilipotafuta katika lugha yangu neno ambalo mtu angeweza kujiita mwenyewe bila ya kujitukana, nilikuta msagaji, nilikuta hanithi, nilikuta shoga. Hili la mwisho linasikitisha zaidi, kwa sababu wanawake wa pwani huitana shoga kwa mapenzi: ni rafiki wa ndani, mwenye kusikia siri. Neno la msikilizaji tumeligeuza jiwe la kutupia. Wapo waandishi wa sasa wasemao wapenzi wa jinsia moja. Ni maneno safi, lakini yana harufu ya ripoti. Nani atayatamka hayo usiku, na kikombe mkononi?

Tena kwetu sheria haijafungua mlango hata nusu. Tanzania adhabu hufika kifungo cha maisha. Kenya ni miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kuiondoa mwezi Mei 2019. Uganda ilitunga mwaka 2023 sheria ambayo, pamoja na ukali wake mwingine, ilimlazimisha anayejua au kushuku kwenda kutoa taarifa. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilikiondoa kifungu hicho na vingine vichache, ikaliacha lililobaki. Nimekifikiria kifungu kile mara nyingi. Wanasheria wanaweza kukijadili kwa namna yao. Mimi naona kilimgeukia mtu mmoja hasa, yule anayesikiliza. Hata hivyo wapo watu katika miji yetu wanaosikilizana, kwa kujitolea na kwa hadhari. Sitasema wapi wala kwa njia gani.

Barua ya mwaka 2011 niliichelewesha kuijibu. Niliandika majibu mengi nikayachana, kwa kuwa kila moja lilianza na maelezo, na maelezo yangu yote yalikuwa methali nyingine. Mwaka jana, baada ya kuvisikiliza vile vipindi mara ya pili, niliandika mistari minne tu. Nilimwambia kuwa usiku ule nilisema mno, na kwamba akipenda kunieleza tena nitanyamaza. Sikujua kama anwani ile ni yake bado.

Jibu lilikuja baada ya wiki saba. Juu ya usiku ule hakusema neno. Aliuliza hali ya mama yangu, akaniuliza kama bado natia vijiko vitatu vya sukari katika chai, na chini kabisa, pasipo maelezo, aliandika nambari yake ya simu.