Gesi Haikuwa Imeisha

Ile AC ya dirishani niliiua mimi. Mwenyewe, mzee mstaafu wa Kizingo, Mombasa, mpaka leo anaamini ilikufa kwa uzee, maana ndivyo nilivyomwambia.

Aliniita wakati wa kaskazi. Mashine ilikuwa ya miaka ya 1970, bodi ya chuma, nzito ya kubebwa na watu wawili. Alilalamika kwamba haipozi kama zamani, na ndani yasikika maji yakichapwachapwa. Nikaweka mkono kwenye upepo, nikakunja uso kitaalamu, nikasema, "Mzee wangu, gesi imeisha."

Gesi haiishi. Haichomwi kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua basi pana mahali inavuja. Nilifundishwa hilo chuoni na nililijua vizuri. Lakini gesi ndiyo yenye pesa, na kuitoa mashine ukutani niivue bodi ni kazi ya jasho.

Basi nikatoboa bomba la shaba, nikafunga vali, nikajaza gesi ya R-22. Kelele nayo nikaitafutia dawa: nikapiga drili trei ya chini maji yatoke. Kukawa kimya. Mzee akanilipa, na ya chai akaongeza.

Sasa, yale maji. Katika mashine nyingi za aina hii feni ya nyuma ina pete ukingoni. Pete hiyo huchota maji yaliyodondoka kutoka koili baridi na kuyarusha kwenye koili ya moto ili ipoe. Hewa ya Mombasa ina unyevu, kwa hiyo maji hayakosekani, wala mlio wake. Mashine ilikuwa inafanya kazi yake. Tatizo lilikuwa koili ya nyuma, iliyozibwa na vumbi na chumvi ya bahari hata joto likakosa pa kutokea. Nami juu ya hapo nikaongeza gesi, presha ikapanda, na maji ya kuipoza koili nikayamwaga nje. Kompresa ikawa inavuta umeme kupita kiasi: inanguruma, inalia "ta!", inazima, inapumzika, inaanza upya. Nilipoitwa tena ilikuwa imeungua.

Nikamshauri anunue mpya. Ile ya zamani nikaichukua kama chuma chakavu, na nilipoivua bodi ili niuze shaba ndipo nikaiona koili: uchafu umeganda kati ya mapezi hata mwanga haupenyi. Brashi, sabuni na maji vingetosha. Pesa ya shaba nilikula. Kwa mzee sikurudi, na nikimwona msikitini hubadilisha mlango wa kutokea.

Wewe mwenye AC ya dirishani, fundi akikutajia gesi kabla hajaivua bodi, mwambie aanze kwa kuosha koili ya nyuma. Akikataa, mpe nauli aende zake.