Ndoana Huuliza, Wavu Hauulizi

Ndugu msomaji, wengi wetu tuishio mijini tunamfahamu samaki akiwa amekwisha kulazwa juu ya meza ya muuzaji, na swali letu la kwanza kwake ni bei. Si kosa, kwani kazi za mjini hazitupi nafasi ya kwenda kumtafuta wenyewe. Lakini likizo inapofika, na ukajaliwa kuwa na ndugu au wakwe katika sehemu zenye maji, ipo elimu moja ambayo yafaa uipate na kuwarithisha wanao. Elimu hiyo ni ya kufunga mshipi wenye chelezo kwa ajili ya bwawa lenye kina.

Mimi niliipata Ifakara, nyumbani kwa wakwe zangu. Kila masika, hasa kati ya Machi na Mei, Mto Kilombero hufurika na kulitandaza maji yake juu ya bonde pana, ambalo tangu mwaka 2002 limo katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zinazostahili kuhifadhiwa. Kiangazi kinapoingia, maji hurudi mtoni na kuacha nyuma yake mabwawa. Mengine hukauka mapema. Mengine yana kina cha pima mbili au zaidi, nayo hubaki na maji hadi mvua nyingine zinyeshe. Humo ndimo wanamosalia perege na kambale.

Baba mkwe wangu ni Mndamba, na Wandamba ni watu ambao uvuvi na mtumbwi ni sehemu ya maisha yao tangu jadi. Siku ya kwanza aliponiona nimeshika ufito mpya, aliniambia kwa upole, "Mkwe wangu, chelezo si pambo. Ndicho jicho lako ndani ya maji. Kwanza lifundishe jicho hilo umbali wa kuona."

Vifaa vyenyewe si vya gharama. Utafute mwanzi mkavu ulionyooka wenye urefu wa hatua tatu au nne, mshipi mwembamba wa nailoni, ndoana ndogo isiyozidi upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, na chubwi, yaani kipande cha risasi cha kuuzamisha mshipi. Chelezo waweza kukitengeneza kwa mwiba wa nungunungu, kwa bua kavu la mtama, au kwa kipande cha kandambili iliyochakaa kilichotobolewa kwa msumari wa moto. Kwa chambo, nyungunyungu wanatosha. Wakikosekana, tumia donge dogo la ugali uliokandwa ukakaza.

Katika maji mafupi, chelezo hufungwa mahali pamoja na kazi ikaisha. Katika bwawa lenye kina njia hiyo haifai. Ikiwa maji yana kina kuliko urefu wa ufito wako, mshipi ulio chini ya chelezo utakuwa mrefu kiasi kwamba huwezi kuurusha wala kumwinua samaki. Kwa hiyo chelezo kinaachwa kiteleze. Kitobolewe katikati, mshipi upite ndani yake kwa urahisi. Juu yake utiwe ushanga mmoja mdogo, na juu ya ushanga lifungwe fundo la uzi wa pamba, lililokazwa lakini liwezalo kusogezwa kwa kucha. Chini ya chelezo ifungwe chubwi, kisha baada ya shibiri moja, ndoana. Kwenye ncha ya mwanzi ufunge pete ndogo ya waya ambayo fundo litapita bila kukwama, na mshipi unaobaki uuzungushe kwenye kopo tupu.

Ukirusha, chelezo huwa kimeshuka karibu na chubwi, hivyo mshipi hauleti matata. Chubwi ikizama, mshipi huteleza ndani ya chelezo mpaka fundo lifike kwenye ushanga. Hapo huzuiliwa, na chambo huning'inia kwenye kina kile ulichokichagua wewe.

Lakini utakijuaje kina hicho? Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kabla ya kutia chambo, funga kwenye ndoana jiwe dogo au risasi nzito, ushushe. Chelezo kikivutwa chini, fundo liko karibu mno na ndoana, lipandishe. Kikilala ubavu, umelipandisha kupita kiasi, lishushe. Kikisimama wima na ncha yake ikaonekana juu ya maji, umegusa sakafu ya bwawa. Ondoa jiwe, shusha fundo shibiri moja, na chambo kitaelea juu kidogo ya tope.

Hata hivyo, chini kabisa si mahali pa perege siku zote. Katika joto kali, maji ya chini ya bwawa lililotulia hupungukiwa na hewa, na perege hupanda kwenye tabaka za juu. Kambale anaweza kustahimili huko chini kwa sababu ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu ya maji. Ukikaa muda mrefu bila kuguswa, usihame bwawa upesi. Pandisha chambo dhiraa moja, halafu nyingine. Perege akigusa, chelezo hutetemeka na kutembea taratibu. Kambale hukivuta moja kwa moja.

Nakusihi pia usiingie majini. Mabwawa mengi hukutana na mto wakati wa mafuriko, na mamba na viboko husafiri na maji hayo. Aidha, kichocho hukaa katika maji yaliyotuama. Waulize wenyeji bwawa lipi ni salama, simama pakavu mbali na ukingo, na usimtume mtoto peke yake.

Sasa utauliza, kwa nini taabu yote hii, hali wapo wanaokokota chandarua bwawani na kutoka na ndoo nzima kwa nusu saa? Swali hilo lina uchungu wa pekee Ifakara. Bonde hili ndilo ambalo, mwishoni mwa miaka ya 1990, lilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo nchini kuhimizwa kulala ndani ya vyandarua vyenye dawa, na uchunguzi uliofanyika hapa ulionyesha kwamba vyandarua huokoa uhai wa watoto. Chandarua hicho hicho kikiburutwa ndani ya bwawa humpokonya mtoto kinga yake usiku na kitoweo chake cha mwakani. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza nyavu za matundu madogo namna hiyo.

Samaki wanaosalia katika mabwawa ya kiangazi ndio mbegu. Mafuriko yakirudi, wao ndio watakaotawanyika na kuzaa. Tena perege ana desturi ya ajabu: jike huyaatamia mayai mdomoni mwake, na vifaranga vikianguliwa hurudi humo kujificha penye hatari. Kwa siku zote hizo mama huyo hali, au hula kidogo mno. Kwa hiyo ndoana yako ikipita mbele yake, mara nyingi ataiacha ipite. Chandarua hakimpi nafasi hiyo. Humchukua yeye, pamoja na wote waliomo mdomoni mwake.

Kwa sababu hiyo, ndugu msomaji, ukimfundisha mwanao kufunga mshipi huu, usiishie kwenye mafundo. Mfundishe kumrudisha samaki mdogo majini kwa mkono uliolowa, na kuukunja mshipi wanapotosha kwa mlo wa nyumba yenu. Baba mkwe wangu hukunja wa kwake akipata wanne, hata siku ambazo perege wanauma sana, kisha hulitazama bwawa kama mtu atazamaye ghala lake kabla ya kufunga mlango.