Lumeni nyingi, nyekundu hakuna

Leo kompyuta tuiweke kando, tuzungumze juu ya tochi. Ndiyo, tochi! Watu wengi ninaowajua hununua tochi kwa swali moja tu: ina lumeni ngapi? Wauzaji wa Luthuli Avenue wanalijua swali hilo, ndiyo maana kwenye boksi utakuta namba ya kutosha kumulika uwanja mzima wa mpira.

Hapa mezani ninazo mbili, zote za betri ya lithiamu aina ya 18650. Ya kwanza ni ya bei rahisi, mwanga wake mweupe unaoelekea buluu, na ukiupunguza unaingia ukijani fulani hivi kama maji ya bwawa. Ya pili ina LED ya Nichia 519A, ya kelvini 4500. Ya kwanza inang'aa zaidi, hilo sibishi. Lakini nikitaka kufungua boksi la swichi ukutani usiku, hiyo ya kwanza naiacha mezani.

Sababu ni nyaya. Nyumba ninayokaa ni ya zamani na imepita mikononi mwa mafundi wengi. Nyaya za mwanzo ni nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro. Zilizoongezwa baadaye ni kahawia kwa laivu na buluu kwa nyutro. Sasa fikiria: ndani ya boksi moja kuna nyeusi isiyo na moto na kahawia yenye moto. Ukimulika kwa tochi ile ya kwanza, kahawia iliyokolea na kushika vumbi inakuwa nyeusi kabisa. (Nyekundu ikionekana kahawia si neno, zote mbili ni laivu.) Utasema, si utumie testa? Natumia, na swichi kuu nazima kwanza. Lakini stima ikiwa imepotea mtaa mzima testa haina la kusema. Waya zote ziko kimya, unabaki na macho yako, na ulichounganisha vibaya kitakujibu stima ikirudi.

Kwa nini tochi inaficha kahawia? LED nyeupe kwa asili si nyeupe. Ni LED ya buluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya ule mwanga kuwa manjano, na macho yakichanganya buluu na manjano yanaona nyeupe. Ni ujanja mzuri sana. LED ya buluu yenyewe iliwapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Tatizo ni kwamba katika mchanganyiko wa bei rahisi nyekundu ni haba. Na kahawia ni nini kama si rangi ya chungwa au nyekundu iliyotiwa giza? Ukiinyima mwanga mwekundu, linabaki giza.

Kipimo cha mambo haya huitwa CRI, na kikomo chake ni 100. Hapo pia kuna mtego. Namba hiyo ni wastani wa rangi nane zilizopauka. Nyekundu kali ni ya tisa, huitwa R9, na haihesabiwi! Tochi inaweza kujivunia CRI 80 huku R9 yake iko karibu na sifuri. Na lumeni nazo zinaongeza chumvi, kwa sababu hupimwa kwa kufuata jicho la binadamu, na jicho mchana hupenda zaidi kijani cha nanomita 555 hivi. Mwanga wenye ukijani huvuna lumeni, mwanga wenye nyekundu ya kutosha huzipoteza. Kwa hiyo kiwanda kinachofukuza namba kubwa kitakuuzia ukijani.

Shangazi yangu huuza nyanya jioni, na hadi leo anasema chini ya taa hizi mpya nyanya zake zinaonekana kama zimelala siku tatu. Watu humcheka wakidhani anapenda moshi wa koroboi. Mimi simcheki. Mwali wa koroboi una kelvini kama 1900 tu na mwanga wake ni hafifu, lakini ni kitu kinachowaka kwa joto, na nyekundu imejaa tele.

Tuje kwenye dreva (si yule wa matatu). Hii ni saketi inayopima umeme kutoka kwenye betri kwenda kwenye LED. Ya bei nafuu, kama zile za chipu ya AMC7135, hupitisha miliampea 350 kwa chipu moja na kuichoma volti iliyozidi iwe joto. Betri ikijaa ina volti 4.2. LED ikitaka 2.8, theluthi nzima inapotea. Betri ikishuka hadi 3.3, hasara inapungua hadi asilimia 15. Dreva bora huishusha volti badala ya kuichoma, na hufikia asilimia 90 au zaidi.

Nilipiga hesabu kwa betri ya miliampea 3000 kwa saa. Ile ya kuchoma: 3000 kugawa kwa 350, saa nane na nusu. Ile bora: betri ina kama wati 10.8 kwa saa, toa asilimia 10, gawa kwa wati 0.98 za LED, unapata saa kumi hivi. Basi! Watu wanagombana usiku kucha juu ya saa moja na nusu. Ni faida, siikatai, lakini ukinipa dreva nzuri yenye mwanga wa buluu na dreva ya kuchoma yenye R9 ya maana, nachukua ya pili bila kufikiri.

Siku ukienda dukani, beba vipande viwili vya waya, cheusi na cha kahawia iliyokolea. Vishike pamoja kwenye kona yenye giza, mulika kwa mwanga wa chini, halafu tikisa vidole mbele yake uone kama mwanga unakatakata. Muuzaji akikushangaa, mwache ashangae.