Mvinyo wa Nchi Kavu

Jirani yangu wa hapa Goba ni mzee wa Kigogo ambaye, tangu nihamie kilima hiki, hajapata kuniomba kitu zaidi ya gazeti lililokwisha kusomwa. Kwa hiyo alipobisha hodi jioni moja ya Julai, mwaka 2024, akiwa na karatasi mbili zilizochapwa kwa Kiingereza, nilijua kuwa lipo jambo.

Ndugu zake wa Mpunguzi, kusini mwa mji wa Dodoma, wana mashamba ya mizabibu. Msimu uliotangulia mnunuzi wao aliwaacha na mzigo mkononi, zabibu zikaoza kwenye makreti. Safari hii wamejikusanya, wanakamua wenyewe na kutengeneza mvinyo mweupe. Mjukuu mmoja aliwaandikia maelezo ya kuwapelekea wenye hoteli. Wao wakayataka na kwa Kiswahili, ili mnunuzi wa nyumbani naye ajue anachonunua. "Mwalimu," aliniambia, "wewe ndiye mwenye maneno."

Nilizipokea karatasi kabla sijazisoma, na hapo ndipo mashaka yangu yalipoanza. Mimi ni mtoto wa Unguja niliyelelewa chuoni. Sijapata kuonja mvinyo, na katika umri huu wa hamsini na kitu sina nia ya kuanza. Ipo hadithi maarufu inayowataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya kinywaji hicho: anayekamua, anayekamuliwa, anayebeba, anayebebewa, anayeuza, na wenzao. Mfasiri hakutajwa. Lakini kujificha nyuma ya orodha ni hila ya wakili, haiutulizi moyo. Nikampigia simu kaka yangu Unguja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kalamu aliyokuachia baba si ya kuuzia ulevi." Akakata simu.

Usiku ule nilikaa na kamusi zangu, ambazo ndizo chuo kikuu pekee nilichosoma. Niliona kwamba lugha yetu haijawahi kukikimbia kinywaji kama tukimbiavyo sisi wenyewe. Husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na methali hiyo nimeisikia ikitolewa na watu ambao hawajapata kulinusa tembo. Mvinyo ni neno tuliloachiwa na Wareno. Divai lina asili ya Kifaransa, na husikika zaidi kanisani. Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga, alipomfasiri Omar Khayyam kwa kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald, kitabu kikatoka mwaka 1952, hakukimwaga kinywaji kilichojaa katika beti zile. Wako wasemao mvinyo wa Khayyam ni fumbo, na wako wasemao ni mvinyo tu. Mimi sikuwa na kimbilio hilo. Fumbo haliuzwi kwa chupa.

Tena kulikuwa na neno moja lililonikwamisha. Mvinyo ule ulielezwa kuwa ni mkavu. Wenye kazi hiyo wana maana yao: maji ya zabibu yana sukari, hamira huila sukari hiyo na kuigeuza kileo na hewa, ikiachwa ile mpaka imalize, kinachobaki hakina utamu, nacho ndicho huitwa kikavu. Lakini sikio la Mswahili litauliza, kitu cha majimaji kitakuwaje kikavu?

Nilihangaika na neno hilo siku tatu. Mke wangu ndiye aliyenitoa gizani, asubuhi aliponiwekea kikombe akisema, "Leo utakunywa chai kavu, mkate umekwisha." Nikacheka peke yangu. Kumbe Kiswahili kimekuwa na kinywaji kikavu siku zote! Chai kavu ni ile iliyokosa kitafunio, na wali mkavu ni ule uliokosa mchuzi. Kwetu sisi, ukavu wa chakula ni upweke wake, kukosa mwenzake wa kumlainisha. Na mvinyo ule nao umekosa mwenzake, sukari. Neno lilikuwa jikoni kwangu.

Lakini neno pekee halitoshi. Septemba ile nilipanda treni mpya ya umeme, iliyokuwa imeanza kufika Dodoma wiki chache tu kabla, nikaenda na mzee wangu kuiona nchi yenyewe.

Msomaji wa visiwani, ambaye mvua humfuata mpaka chini ya kitanda, hana budi kuambiwa Ugogo ni nchi gani. Kwa wastani, mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600, karibu nusu ya ile ya Dar es Salaam. Hunyesha kati ya Novemba na Aprili, kisha mbingu hujifunga. Njaa iliyoitwa Mtunya, iliyodumu mpaka mwaka 1920, baada ya majeshi ya Vita Kuu kuchukua nafaka, ng'ombe na watu, bado inatajwa huko na watu ambao babu zao ndio walioiona. Katika nchi hiyo, isiyo mbali na Mpunguzi, mapadri wa Kiitaliano wa misheni ya Bihawana walipanda mizabibu katika miaka ya 1950. Leo mizabibu imetapakaa, toka kusini huko mpaka Hombolo, na Makutupora kuna kituo cha utafiti ambacho jina la mahali pake limepewa aina ya zabibu nyekundu.

Mzabibu huo hufanya jambo ambalo wenzake wa Ulaya hawalijui. Ulaya baridi huulaza mti, nao huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima huupogoa kwa mkasi, nao huamka, na baada ya miezi minne au mitano huzaa. Kwa hiyo huvunwa mara mbili, karibu na Machi na tena karibu na Septemba. Mavuno ya kiangazi ndiyo yanayosifiwa zaidi, kwa kuwa ukavu wa hewa huzuia kuvu na jua huijaza sukari katika tunda. Nchi ile iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na ubaridi wa usiku huuokoa uchachu ambao joto la mchana lingeumaliza. Zabibu nyeupe waliyonionyesha huitwa Chenin Blanc, asili yake bonde la mto Loire, Ufaransa. Ni hodari wa kutunza uchachu hata kwenye joto, ndiyo maana hufaa kwa mvinyo mkavu.

Nilisimama kati ya mistari ya mizabibu alfajiri, akina mama wakikata vishada kabla jua halijapanda. Zabibu nyeupe haingoji: hukamuliwa upesi, maganda yakatengwa, maji yake yakawekwa penye ubaridi. Umeme ukikatika usiku, kazi ya miezi mitano huharibika. Mama mmoja alinionyesha mahali walipozimwaga zabibu za msimu ule uliopita. Hakusema mengi. Alisema tu kwamba mbuzi walikula mpaka wakachoka.

Niliporudi Goba niliifasiri karatasi ya kwanza yote: ardhi, mvua, mkasi, hamira, na neno mkavu pamoja na maelezo yake. Karatasi ya pili, iliyomwalika mtu kunywa na kumwambia anywe na samaki gani, niliirudisha ilivyo. Sikupokea ujira. Mzee alizitazama zote mbili, akasema, "Nusu ya rafiki ni rafiki," akaenda zake. Sina hakika kama niliukata mpaka mahali pake. Huenda aliyeisifu ardhi amekwisha kuisifu chupa.

Mwezi huohuo nilivuka kwenda Unguja na kikapu cha zabibu mbichi. Zabibu, kwa Kiarabu ambako tumelitoa neno, ni tunda lililokaushwa. Bichi lina jina lake jingine. Nadhani pwani yetu ililijua kwanza likiwa kavu, limefika ndani ya majahazi, na lilipokuja bichi tukalipa jina lilelile. Nilimweleza kaka hayo. Hakujibu. Alikula kishada kizima, akizitema mbegu kiganjani, kisha akauliza, "Nchi gani hii inayozaa hivi bila mvua?"

Nikaanza kumwambia.