Chungu cha Wimbi katika Nchi ya Teso

Msafiri atokaye Kampala kwenda Soroti hupita Jinja, Iganga na Tirinyi, na akiisha kuuacha mji wa Mbale, mlima Elgon humbakia mkono wa kuume. Mbele ya Bukedea nchi hutandaa, na majabali makubwa huchomoza mashambani. Wageni wengi hushuka Kumi ili wakatazame michoro ya kale ya Nyero, iliyo umbali wa kilomita 8. Mimi nilishuka kwa ajili ya wimbi.

Wazee wa ukoo wa mume wangu walikuwa waje Kampala kumwona mtoto, na mgeni wa Teso hukaribishwa kwa ajono, ile pombe ambayo mjini tunaiita malwa. Nilikwisha kujaribu kuipika katika chumba chetu kimoja, nikaharibu kilo tano za nafaka katika mwezi ambao mshahara ulichelewa.

“Kimea ulikianika wapi?” mama mkwe aliuliza.

“Chini ya kitanda, Mama.”

Alicheka, kisha akaacha kucheka. “Kimea chenye ukungu hakiponi kwa kukaangwa, mwanangu. Hutupwa.”

Tulianza upya. Wimbi huloweshwa usiku kucha, huchujwa, hufunikwa kwa gunia bichi na kunyunyiziwa maji siku mbili au tatu mpaka mizizi itokeze. Ndipo huanikwa, na hapo ndipo nilipokosea: tabaka liwe jembamba, juani, na ligeuzwe mara kwa mara. Kwao huanika juu ya jabali, ambalo hushika joto hata jua likiisha kupungua.

Unga mwingine wa wimbi, usiomea, hukandwa kwa maji na kufukiwa shimoni kwa muda wa juma moja hadi uchachuke. Mama alikubali kwamba ndoo yenye kifuniko yatosha kwa mtu asiye na ua. Kazi nzito ni kuukaanga juu ya bati mpaka uwe wa kahawia. Moshi wake hauna adabu kwa majirani. Anayekaa kambini na akaange kidogo kidogo, nje, kwa sigiri. Ukisha kukauka, hutiwa chunguni pamoja na maji na unga wa kimea. Kipimo cha mama kilikuwa mabakuli manne kwa moja. Maji hayo yawe ya baridi, kwa maana ya moto huua nguvu ya kimea, ambayo ndiyo igeuzayo wanga kuwa sukari. Baada ya siku tatu hivi chungu huwa tayari.

Maji ya moto huja wakati wa kunywa tu. Watu hukizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye chujio nchani, na maji huongezwa kadiri wanavyovuta. Baa zilipofungwa tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, mirija ya mjini ilikaa imetundikwa ukutani.

Nilirudi na kilo tano nyingine. Jua huingia barazani kwetu saa tatu hadi saa sita tu, basi nilianika kimea katika sinia mbili, nikazihamisha kila jua liliposogea.

Wazee walifika Jumamosi. Mkubwa wao alivuta mrija kimya, akatazama dari, akavuta tena. Kisha akaniomba niongeze maji ya moto.